Hodi Niliyoimeza Lubaga

Neema mwanangu,

Usifunge zipu ya begi kabla hujamaliza kusoma. Barua nimeiweka juu kabisa makusudi, juu ya lile sweta langu la kijani ulilolipakia ukidhani sitaona. Nimeona. Chukua tu, nasikia Nairobi kuna baridi.

Umetoka sasa hivi na boda kwenda Luzira kupeleka mzigo wa mwisho, na najua hutarudi upesi, maana yule mteja wako wa Luzira hawezi kupokea kitenge bila kukukalisha chini akupe chai na habari za ndugu zake wote. Basi nimepata nafasi. Nimekaa hapa mlangoni, jua bado lipo, jirani amefungulia muziki wake kama kawaida ya Kamwokya, nami nakujibu lile uliloniomba jana tukila.

Uliniambia bila hata kupepesa macho: "Mama, ule ukurasa wetu wa mtandaoni siwezi kuuendesha kutoka Nairobi. Vitenge viko hapa, na sauti wanayoitaka iko hapa. Wewe ndiye utakayekuwa unatoka laivu, uso wazi, watu wakuone. Ukikataa, siendi. Nampigia yule fundi cherehani wa huko nimwambie nafasi yangu ampe mwingine." Nikakujibu kwamba nitafikiria. Ukainamia sahani yako. Najua ulihesabu kwamba nimekataa, kwa sababu tangu uzaliwe, mimi nikisema nitafikiria huwa nimeshakataa.

Habari za kula vizuri, sijui kulala mapema, sijui kuweka simu ndani ya nguo ukiwa kwenye basi, hizo nimekuimbia wiki nzima mpaka umechoka. Leo nakuacha upumzike. Nataka tu ujue kwa nini jana nilisita. Kisa chenyewe hukijui, ingawa ulikuwepo. Ulikuwa mgongoni.

Nyumbani Bukavu mimi sikuwa mtu wa kunyamaza hata kidogo. Bibi yako aliuza vikwembe sokoni Kadutu, vikwembe ndivyo hivi watu wa hapa wanaviita vitenge, na mimi nilikuwa mdomo wake. Yeye anakunjua, mimi naita. Kwetu kitambaa hakiuzwi bila jina. Mzigo mpya ukifunguliwa, wanawake wanakaa, wanayatazama yale maua, mmoja anatupa neno, wote wanaangua kicheko, basi jina limeshapatikana. Kulikuwa na Jirani Amenuna, kile chenye macho makubwa ya njano. Kulikuwa na Mume Wangu Yuko Safarini. Kulikuwa na Wifi Usinipime. Mwanamke akijifunga kimoja akapita njiani, wenzake wanajua leo anamsema nani. Mimi nilikuwa nayaita majina hayo kwa mbwembwe mpaka hata wasio na shida ya nguo wanasimama kunisikiliza. Sijisifu. Aa, najisifu, kwani nani atanisifia?

Vita vikaja. Ya njiani nimekusimulia, na baba yako aliyebaki huko tunamwombea kila siku, kwa hiyo sitayarudia. Tulifika Kampala mimi na wewe na furushi. Wanawake wa kwetu waliotangulia wakanionyesha kazi: asubuhi unachukua vikwembe kwa tajiri mjini, unajitwika, unazunguka nyumba kwa nyumba, jioni unarudisha ambavyo havikutoka. Nikawaambia, hiyo tu? Hiyo mbona nimezaliwa nayo!

Nikakufunga mgongoni, nikapanda mlima wa Lubaga. Nilianza kwa kusali pale kanisani juu, kisha nikashuka kwenye nyumba zile nzuri nzuri zenye mageti. Nikasimama mbele ya nyumba ya kwanza, nikavuta pumzi, nikaita kwa sauti yangu yote ya Kadutu: "Hodi! Hodi wenyewe! Hodi hapa!"

Redio iliyokuwa ikiimba ndani ikazimwa. Nikasikia mtoto anaziba mdomo, au anazibwa. Nikaita tena. Kimya. Nikasema labda hawapendi vitambaa, nikaenda ya pili. Hivyo hivyo, pazia likasogea, likarudi mahali pake. Kwenye nyumba ya tatu akatoka mzee mmoja wa kanzu nyeupe. Alikuja mbiombio kwa miguu yake ya kizee, mkono mmoja ameunyanyua juu, na mkononi ameshika karatasi zake za kitambulisho. Akafungua geti kidogo. Aliponiona ni mwanamke, ana furushi kichwani na mtoto anayenyonya kidole, mkono ukashuka, akaegemea ukuta. Nilidhani anaumwa.

"Mama," akaniambia, "mimi nilidhani ni wao."

"Wao akina nani, baba?"

"Abasirikale. Askari." Akapangusa uso kwa kanzu. "Mama, wewe hapana kuita hivo hapa. Hiyo Kiswahili sisi nasikia kwa geti, iko ya mutu ya bunduki. Siku nachukua kijana yangu, ilikuja hapa hapa, ilipiga hodi hivo hivo."

Vita vyao vilikuwa vimekwisha zamani, Neema. Serikali ilishabadilika, watu walishajenga upya, mageti yalikuwa na rangi mpya. Lakini mzee yule alikuwa bado anatembea na karatasi zake mfukoni akiwa nyumbani kwake. Aliniletea maji, wewe akakupa ndizi, tena akaniomba radhi. Yeye kuniomba radhi mimi! Nililia nikiteremka ule mlima, na hodi yangu nimeimeza.

Tangu siku ile nikawa nagonga geti kwa sarafu. Ti, ti, ti. Mtu akitoka, nakunjua kitambaa bila neno, natabasamu kama bubu, nataja bei kwa Kiganda changu cha kubabaisha ambacho wewe unakiiga mpaka majirani wanashika mbavu. Majina yote ya vikwembe nikayafungia moyoni. Vikawa ni kitambaa cha bluu, kitambaa cha kijani, basi. Nilirudi na mizigo mizima mizima, nikidhani Kampala hawapendi vitu vizuri. Kumbe walikuwa hawajaambiwa ni vizuri.

Mzee simlaumu hata leo. Alichonikataza ni kuita getini kwake. Mimi kwa woga wangu nikajikataza kila mahali, na nikakukataza na wewe. Unakumbuka nilivyokuwa nakufinya mkono ukiniuliza kitu kwa Kiswahili mbele za watu? Ulikuwa mtoto wa maneno, unauliza kila kitu, kwa nini mwezi, kwa nini ng'ombe, na mimi nakufinya. Ukaanza kuniuliza kwa kuninong'oneza. Walimu wakawa wananiambia binti yako ni mpole sana, nami naitikia kama mtu aliyesifiwa. Hilo linaniuma mpaka sasa hivi ninapoandika.

Sasa njoo kwenye simu yako. Ulipomaliza shule, pesa za kuendelea hazikuwepo, ukaenda kusuka nywele kule barabarani, na siku moja ukarudi na simu iliyopasuka kioo kama sahani iliyoanguka. Ukaniambia unataka kuuza vitenge mtandaoni. Nilicheka, Neema. Nilicheka vibaya. Nilikuuliza nani atanunua nguo ambayo hajaishika, hajaigeuza upande wa pili, hajainusa? Na uliponiomba vitenge vya kuanzia, mtaji huna, nilikupa vitatu. Leo nakuambia vilikuwa vipi: vilikuwa vile vilivyokuwa vimenikataa, nimevizungusha Kampala nzima havina mwenyewe. Nilitaka uchoke mapema.

Hukuchoka. Ulitandika shuka jeupe hapa hapa nilipokaa, ukasubiri mwanga wa asubuhi uingie mlangoni, ukapiga picha kabla baa ya pale nyuma haijaanza kujaribu spika zake. Ukapiga mbele, ukapiga nyuma, ukapiga pindo kwa karibu, ili yule asiyeweza kushika aone kama ameshika. Hukununua kipya mpaka cha zamani kimetoka. Kuna siku uliacha kula chipsi na wenzako ili ununue bando, na kuna siku bando lilikatika katikati ya mazungumzo na mteja, ukakimbia mpaka saluni kuomba intaneti ya bosi wako. Mimi nilikuwa nakuangalia na kujifanya nachambua mchele. Vile vitatu vilivyonikataa vikaondoka vyote. Ulirudi kutoka kumkabidhi wa boda kile cha mwisho ukicheza, na mimi badala ya kukupongeza nikasema, "Bahati tu." Ilikuwa si bahati. Nilijua palepale kwamba si bahati, na nilijifungia bafuni nikacheka peke yangu kwa furaha. Hiyo hukuiona.

Halafu kile kisa cha Arua. Yule mama aliandika kwamba kitenge chake kimechuja kikaharibu na mashuka, na mimi nikakushauri umnyamazie, mbona yuko mbali, atakufanya nini? Wewe ukamrudishia hela yake yote. Haya, hilo nililivumilia. Lakini ulipochukua picha ya kile kitenge kilichochuja ukaiweka mwenyewe kwenye ukurasa, ukaandika, "Huu mzigo ulitudanganya, tumeacha kuuchukua, aliyenunua atuambie," nilitaka kupasuka! Nilikufokea: mtoto gani huyu anajianika mwenyewe kwa watu? Ukanijibu kwa upole, "Mama, ukijificha siku mbaya, siku nzuri hawatakuamini." Jioni simu yako ilikuwa inalia mfululizo, na wa kwanza kuagiza alikuwa yule yule wa Arua.

Nani alikufundisha hayo? Si mimi. Mimi nilikufundisha kugonga geti kwa sarafu.

Na siku ya sombe, hiyo tusiisahau. Nilikuwa natwanga sombe, kisamvu cha kwetu, kule nyuma ya pazia linalogawa chumba, wewe uko laivu, na nakusikia unahangaika: "Jamani, tuna hiki cha njano, kina maduara maduara, ni kizuri..." Maduara! Nilichungulia. Nilikijua, nilikuwa sijakiona tangu Kadutu. Sikumbuki hata kama nilifikiri. Nilisikia tu mdomo wangu unapaza: "Maduara gani? Hicho ni Jirani Amenuna! Kigeuze wayaone macho yake! Mwanamke akikufitini, wewe usimjibu, vaa hicho, pita mbele ya mlango wake, nenda zako sokoni!"

Ukageuka umeduwaa. Halafu simu ikaanza kufurika, na wewe unasoma huku unacheka huna pumzi: "Mama, wanauliza nani huyo! Mama, kuna mtu Juba anataka Jirani Amenuna! Mama, wanauliza hiki cha bluu kinaitwaje!" Nikakuambia niacheni mimi nipike. Lakini cha bluu kilikuwa kinaning'inia pale, kimejikalia na maua yake yaliyofumba, nikashindwa. "Hicho," nikasema, "ni Nimesikia Lakini Sijibu." Vikaisha vyote siku ile. Hata kile tulichokuwa tumekifanya pazia la dirisha ulitaka kukiuza, nikakuambia shika adabu.

Kwa Kiswahili, Neema. Lugha niliyokufinya mkono kwa ajili yake. Watu wa Nairobi, wa Arua, wa Juba, wa kwetu Bukavu, wote walikuja kwa sababu ya Kiswahili, na wa hapa Kampala pia wakaja, wanaandika na Kiganda chao mchanganyiko, wanacheka, wanaagiza. Hata yule fundi wa Nairobi alikupata kwa Jirani Amenuna, alitaka vya kuwashonea wasimamizi wa harusi, na baadaye akaona jinsi unavyochanganya rangi, akasema huyu binti aje akae kwenye cherehani yangu, ajifunze, tuuze pamoja. Anakuita wewe. Hajamwita binti wa tajiri yeyote wa mjini.

Tangu siku ile ya sombe umenibembeleza nitoke mbele ya pazia, nami nimekataa. Nikasema sina nguo, nikasema jino langu halipo, nikasema kamera inanenepesha. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa redio izimwe. Naongea nyuma ya pazia kwa sababu nyuma ya pazia naweza kudhani sijapiga hodi kwa mtu.

Sasa sikiliza nilichofanya leo asubuhi, maana nilikuambia naenda misa na nilikwenda misa, lakini nilichelewa kurudi na ulininunia.

Nilitoka kanisani Lubaga nikateremka njia ya siku ile. Nyumba ya mzee ipo, geti wamelibadilisha, sasa ni jeusi. Nilisimama pale kama mwizi. Mkono ukaingia kwenye pochi kutafuta sarafu, umezoea. Nikautoa. Nikaita hodi kidogo, sauti ikatoka kama ya paka. Nikajionea haya. Nikakumbuka ulivyoinamia sahani yako jana. Nikavuta pumzi, nikaita kama ninavyoita mimi: "Hodi! Hodi wenyewe! Hodi hapa!"

Redio haikuzimwa, mwanangu. Iliendelea kuimba. Nikasikia ndara zinaburuzwa, geti likafunguliwa lote, likaachwa wazi, na msichana wa rika lako akasimama pale, simu mkononi, mdomo umejaa chapati. "Karibu, nyabo," akasema, kama wanavyomwita mama hapa. Nikamuulizia mzee wa kanzu. Akaniambia babu walishamzika kijijini kwao, siku nyingi. Akaniuliza ninauza nini.

"Leo siuzi kitu, mama," nikamwambia. "Nilikuwa najaribu sauti."

Alinitazama kama anayeona kichaa, kisha akacheka, nami nikacheka, tukaagana. Nilisimama chini ya mlima nikamwombea yule mzee na kijana wake. Kisha nikanunua jino la bandia? Hapana, usicheke, nilinunua kilemba.

Kwa hiyo nenda. Jibu langu ndilo hilo, nenda, na mimi natoka mbele ya pazia. Hata kama simu itanishinda siku za mwanzo, hata kama nitaonyesha dari badala ya kitenge, nitajifunza. Wewe ulijifunza kwa kioo kilichopasuka na mama anayekucheka.

Na huko Nairobi watakusikia unavyoongea, nusu Kivu nusu Kampala, na wapo watakaokucheka. Wengine watakuambia sema vizuri. Kama kuna neno hulijui, uliza, ulizaliwa na maswali mengi. Lakini usije ukaimeza sauti yako kwa ajili ya watu kama nilivyofanya mimi. Nilipoteza miaka mizuri nikigonga mageti kimya, na wewe ulinirudishia yote kwa simu mbovu. Najivunia, Neema. Nimelisema kwa maandishi ili usiseme sijawahi kulisema. Ninajivunia wewe mpaka nashindwa kukaa sawasawa kwenye kigoda hiki.

Kesho asubuhi kwenye basi usitegemee nitasema maneno mengi. Nitakuwa nashika kilemba changu ili nisilie. Lakini ukishavuka mpaka, jioni jua likiwa bado lipo, kabla ya wale wa baa na spika zao, fungua ukurasa. Utaniona nimekaa juu ya shuka jeupe, Jirani Amenuna begani. Nitaanza kwa hodi, kwa sauti yote.

Usiniache nimesimama nje. Uwe wa kwanza kuniandikia karibu.

Mama yako,
wa mbele ya pazia